Fundi kanivulia bati la Vespa eti "ipate upepo". Mnamjua, jina sitaji!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Yule fundi wa Ngamiani, hapa Tanga, mnamjua wote, mwenye redio inayosikika mpaka Pangani, leo KANIVULIA BATI LA SILINDA. Kalitupa kwenye debe la vyuma chakavu, watu wanatazama, kisha akatamka: "Sasa injini itapata upepo."

Vespa yenyewe ni PX 150 ya marehemu baba mkubwa. Imesukwa upya, silinda imechongwa, pistoni na ringi mpya. Tatizo moja tu: ukiishika barabara ya Muheza, kabla ya Pongwe inachemsha, nguvu inakata, ukizima haiwaki mpaka ipoe. Nikampelekea kwa heshima zote, shikamoo juu. Hakufungua plagi. Hakuuliza oili nachanganya kiasi gani. Kabureta hakuitazama. Kashika bisibisi, kavua BATI.

Vespa haina rejeta jamani! Tangu Piaggio watoe ya kwanza kule Italia mwaka 1946, inapozwa na feni. Feni iko kwenye sumaku, inasukuma upepo, na lile bati ndilo linaubana upite kwenye mapezi ya silinda. Injini yenyewe imefichwa ubavuni chini ya kava, upepo wa barabara haiuoni. Ukivua bati, upepo wa feni unajiendea zake baharini na silinda inaiva.

Nikamwambia, "Mzee, hilo bati lina kazi." Akawageukia vijana wake: "Nendeni mkamletee kiyoyozi." Wakacheka mpaka muuza kahawa akamwaga kahawa!

Sikufika Raskazone. Pistoni imekamata, tairi la nyuma limejifunga, nimeserereka nusura nitokee Pemba. Na bati bado liko kwenye debe lake!

Mgosi wa Makorora: Pole mgosi. Mimi aliniambia baiskeli yangu ina tatizo la gia. Baiskeli haina gia.

Jukwaa la Mkwakwani: Mleta uzi, Vespa ya baba mkubwa unaikimbiza Pongwe ukafanye nini? Panda daladala.

Chuma Chakavu: Hilo bati zito? Nanunua kwa kilo.

Mleta uzi: Wewe ndiye umelichukua! Mkuu, bati lilitupwa WATU WAKITAZAMA. Nasikia mlio wake mpaka sasa.

Mzee wa Tustroku: Acheni utani kidogo. Kijana, plagi ina rangi gani? Ikiwa kahawia, kabureta iko sawa. Angalia taimingi na mkaa kwenye ekzosi. PX 150 ya moto wa elektroniki inawaka digrii 18 kabla pistoni haijafika juu. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi: jeti, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, ni ndogo au imeziba, au kuna hewa inaiba njia kwenye sili ya krenki au gasketi ya kabureta. Umeachia mkono wa mafuta na injini bado inanguruma? Tafuta hewa hiyo kwanza. Na oili ni mili 20 kwa kila lita ya petroli, usimimine kwa macho.

Mleta uzi: Mzee wangu shikamoo. Plagi nyeupe pe! Na nikiachia mkono wa mafuta inanguruma kweli! Angeifungua plagi angeona mwenyewe, dakika moja tu. Lakini yeye BATI. Kwenye DEBE.

Mzee wa Tustroku: Marahaba. Anza na sili. Na usiiwashe bila bati.

Binti Chumbageni: Afadhali yako umevuliwa bati. Fundi cherehani, yule mwenye kioo kikubwa mlangoni, mnamjua, kanishonea gauni la harusi ya dada, mkono mmoja unafika kwenye vidole, mwingine umeishia begani. Nikamuuliza, akasema nisimame vizuri.

Mgosi wa Makorora: Huyo huyo! Kanzu yangu ya Idi ilikuwa ya mtoto wa chekechea!

Jukwaa la Mkwakwani: Nyie mnalilia kanzu, na timu yetu Coastal Union tangu ubingwa wa ligi wa 1988 tunasubiri mwingine. Hilo ndilo la kulilia.

Mama Deep Sea: Mpira peleka huko. Fundi friji alisema ni gesi, nikalipa gesi. Nimeamka changu na kibua wote wameharibika, mtaa mzima unaziba pua.

Binti Chumbageni: Yule mwenye pikipiki nyekundu?

Mama Deep Sea: Huyo huyo! Kumbe na wewe?

Binti Chumbageni: Friji ya mama alisema ni gesi. Kumbe waya wa soketi umeliwa na panya.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye bati.

Mama Deep Sea: Bati gani tena? Dada, hela alikurudishia?