Kubadilisha injini ya HiAce ya kulalia: 3L au 1KZ?

Msafiri wa Gungu (Kigoma):
Wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninayo HiAce ya zamani ya paa refu, chesisi ya LH (toleo la injini za ukoo wa L), ambayo niliitoa viti vya abiria nikaifanya gari la kulalia, lenye kitanda, kabati, tangi la maji na betri ya pili. Injini yake ni 2L ya dizeli. Kwenye tambarare haina tatizo, ila nikitoka Mwandiga kuelekea Kasulu mshale wa joto hupanda, na siku hizi maji ya rejeta hupungua bila kuonekana yanapovujia. Fundi wangu anasema hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda) imepasuka na injini yenyewe imechoka. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam ana injini mbili za dizeli, 3L na 1KZ-TE, na moyo wangu uko kwenye 1KZ kwa sababu ya nguvu zake. Je, itakaa bila kuchomelea chesisi? Na kadi ya gari itakuwaje?

Fundi Dizeli:
Ndugu, chukua 3L. Injini za 2L, 3L na 5L ni za ukoo mmoja, zikiwa na cc 2446, 2779 na 2986 kwa mfuatano huo, kwa hiyo 3L hukaa kwenye raba zilezile za kushikilia injini na kufungwa kwenye gia boksi yako. Sharti ije na flaiwili, klachi na pampu yake ya dizeli, kwa kuwa pampu ya 2L imepimwa kwa injini ndogo, na kuifunga kwenye 3L ni kumlisha mtu mzima kwa kijiko cha mtoto. Angalia pia plagi za hita: zipo za volti 6 na zipo za volti 12, na zikichanganywa na mfumo usio wake zitaungua asubuhi ya kwanza ya baridi.

Hata hivyo, hujauliza kwa nini hedi ilipasuka. Kutoka ziwani, ambako ni takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi Kasulu unapanda mita mia kadhaa ukiwa umebeba kabati na maji. Rejeta iliyoziba kwa chumvi za maji ya kisima, au klachi ya feni iliyolegea, itaiua injini yoyote utakayofunga. Ipeleke rejeta ikafunguliwe na kusafishwa mirija, badilisha thamostati, kisha ndipo ulipie injini.

Dereva wa Kasulu:
Fundi amesema kweli kuhusu rejeta, ila 1KZ asiikatae moja kwa moja. HiAce za chesisi ya KZH zilitoka kiwandani na injini hiyo, kwa hiyo mabano na mabomba yake yapo na hakuna haja ya kubuni. Ugumu uko kwenye umeme: pampu yake huongozwa na kontroli boksi (kompyuta ya injini), na usipopata boksi hiyo pamoja na waya wote na sensa kutoka gari moja, utamlipa fundi umeme zaidi kuliko ulivyolipia injini. Gia boksi nayo ni nyingine, na propela shafti lazima ipimwe upya. Isitoshe, hedi ya 1KZ haisamehi joto, na kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele ambako hewa ni haba. Kama huna gari zima la KZH lililoharibika bodi la kukatia vipuri, basi nami nasema 3L.

Mdau wa Tabora:
Kuhusu kadi: ina namba ya chesisi na namba ya injini, hivyo badiliko hilo lipeleke TRA likaandikwe, ukiwa na risiti ya EFD inayotaja namba ya injini uliyonunua. Ijulishe na kampuni yako ya bima. Trafiki akikuta namba zisizolingana, maelezo ya mdomo hayatakusaidia.

Msafiri wa Gungu:
Nawashukuru nyote. Nimeelekea kwenye 3L, na rejeta nitaishusha wiki hii. Muuzaji amenitumia picha ya namba ya injini na anataka malipo kabla ya kuipakia kwenye treni.

Fundi Dizeli:
Picha ya namba haitoshi, ndugu. Mtume mtu unayemwamini akaizungushe kwa spana kwenye boliti ya puli ya mbele: isikwame, na kila silinda inapofika kwenye mbano aisikie ikigoma sawasawa na nyingine. Afungue kifuniko cha oili. Akikuta utando mweupe kama maziwa, ishara kwamba maji yameingia kwenye oili, aondoke. Na usimlipe muuzaji oili, bali akupe taiming belti mpya ndani ya bei hiyohiyo, maana kuifunga belti hiyo injini ikiwa bado nje ni kazi ndogo.