Ofisi ya chuo imetupatia barua ya ufadhili isiyo na kiasi, nimerudishwa kutoka Dar mikono mitupu

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu kidogo, mnivumilie. Nimekasirika na sina pengine pa kusemea.

Niko Moshi, mwaka wa tatu. Chuo sikitaji kwa sababu barua zao bado nazihitaji. Tulichaguliwa wanne kwenda kusoma muhula mmoja Tübingen, Ujerumani, kuanzia Oktoba. Siku majina yalipotoka tulipigwa picha na wakubwa, tukapewa mikono, tukaambiwa tumekibeba chuo mabegani. Baada ya picha hakuna aliyetutafuta tena.

Aliyewahi kuomba viza ya Ujerumani ya zaidi ya siku 90 anajua swali linalosumbua ni moja: kule utakula nini na utalala wapi? Kiwango wanachohesabu ni euro 992 kwa mwezi. Asiye na mfadhili anaweka fedha hizo mapema kwenye akaunti maalumu ambayo akifika anaruhusiwa kutoa za mwezi mmoja mmoja tu. Miezi sita ni euro 5,952, zaidi ya milioni 15 za kwetu. Mwenye mfadhili anapeleka barua inayosema analipwa kiasi gani kwa mwezi, tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani. Basi. Mistari miwili.

Mistari hiyo miwili imenichukua wiki saba. Kila nikienda ofisini, mhusika yuko kikaoni. Mhusika yuko Dodoma. Barua iko kwa bosi inasubiri sahihi. Nikienda tena naambiwa faili halionekani, andika upya maombi. Nimeandika maombi ya barua hiyo hiyo mara tatu. Ilipotoka nikaishika kwa mikono miwili kama cheti cha kuzaliwa, muhuri upo, sahihi ipo. Nilimwambia yule baba wa ofisini, "Mzee, mbona haijataja kiasi?" Akanijibu, "Wewe peleka, wenyewe wanajua."

Nikapeleka. Basi la saa 11 alfajiri, Himo, Same, Mombo, Korogwe, jioni niko Mbezi, nikalala kwa shangazi Kimara. Asubuhi nikaingia ofisi ya viza ya Ujerumani na ada ya viza euro 75, bima, pasipoti, kila kitu kwenye bahasha. Dada wa dirishani akaisoma barua, akaigeuza nyuma akitafuta ukurasa wa pili. Hakukuwa na ukurasa wa pili. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, kiasi kiko wapi? Na tarehe?" Yeye simlaumu hata kidogo. Barua ilikuwa imeandikwa "mwanafunzi atagharamiwa ipasavyo". Ipasavyo ni euro ngapi?

Nauli ile mama aliikopa VICOBA. Pasipoti yenyewe ya 150,000 tulichangishana nyumbani. Riba inahesabika iwe viza imetoka au haijatoka, na mama yangu anauza ndizi, hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Niliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimekula. Hapo ndipo nililia.

La pili ni chumba. Majina yetu yalitakiwa yafike kwa wenyeji wetu mapema ili tupangiwe hosteli. Yalikaa kwenye barua pepe ya mtu hapa hapa hadi muda ukapita. Tübingen ni mji wa watu kama 90,000, na kati yao wanafunzi ni zaidi ya 25,000, kwa hiyo vyumba vinagombaniwa. Na si suala la kulala tu. Kule ukihamia mahali una wiki mbili za kwenda kujiandikisha manispaa, nao wanadai karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unakaa kwake. Haya yote nimeambiwa na dada mmoja aliyewahi kwenda, kwa WhatsApp, usiku, kwa hisani yake. Hata kwamba Tübingen hakuna uwanja wa ndege wa kushukia, unatua Stuttgart au Frankfurt kisha unapanda treni, nimejua kwake.

Semina elekezi ya chuo ilikuwa nusu siku. Tulihimizwa tuvae kwa heshima na tuiwakilishe nchi vizuri. Hosteli, bima, kujiandikisha, hakuna lililotajwa. Koti la baridi nimelipata Memorial, soko la mitumba la hapa Moshi, hilo halikunisumbua.

Kinachoniuma zaidi: Moshi na Tübingen ni miji dada tangu 2014. Wageni wa kutoka kule tunawapokea hapa, na hatuwaachi wakitangatanga stendi. Iweje sisi tukienda kwao tukwamishwe na watu wetu wenyewe?

Nataka ofisi iandike barua upya kwa sisi wote wanne, kiasi na tarehe zikiwemo, wiki hii. Nataka nauli yangu, kwenda na kurudi, risiti ninazo. Na orodha ya karatasi zote zinazotakiwa ibandikwe ubaoni, kwa sababu wa mwaka wa pili wameshaanza kujaza fomu na wanapita dirisha lile lile kwa yule yule baba.

Mwenye chumba au ndugu Tübingen, hata Reutlingen jirani, aniandikie inbox tafadhali. Na wa mwaka wa pili mnaosoma hapa: mkipewa barua, isomeni pale pale mezani kabla hamjaondoka. Isipotaja kiasi, msitoke.