Ushauri: Forester ya turbo inachoka kwenye joto, niweke intakula ya mbele au nibaki na ya juu?

BoksaNne

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela, maana bampa likishakatwa halirudi.

Gari ni Subaru Forester SG5, injini EJ205 ya turbo. Turbo, ekzosi na intakula (kile kipoza hewa iliyobanwa na turbo) ni zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Asubuhi inavuta vizuri mno. Ikifika mchana wa jua, nikakaa foleni kama nusu saa halafu barabara ikafunguka, nakanyaga mafuta na gari inakuwa nzito kama haina turbo kabisa. Nikitembea kwa mwendo dakika chache nguvu zinarudi zenyewe. Juzi nilisimama, nikafungua boneti na kuweka kiganja juu ya intakula. Niliutoa mkono hapohapo, inaunguza.

Kuna mtu ananiuzia intakula kubwa ya kukaa mbele ya rejeta pamoja na mabomba yake ya kipenyo cha milimita 76. Anasema naifunga tu na nguvu zinaongezeka. Je, ni kweli? Lazima nituni kontrol boksi (kompyuta ya injini)? Turbo haitachelewa kuamka? Na kinachonichanganya zaidi: nimepima kwa skana gari ikiwa imeshachoka, joto la hewa inayoingia linasoma nyuzi 38. Kama hewa ni nyuzi 38 tu, kosa la intakula ni lipi?

Naomba kuwasilisha.

Spana17

Mkuu, nianze na hiyo 38, kwa sababu ndiyo inayokupoteza. Kwenye gari yako kipimo cha joto la hewa kimo ndani ya sensa ya hewa, ile iliyokaa pale hewa inapotoka kwenye eyaklina (chujio la hewa). Iko kabla ya turbo. Inakwambia hewa ilikuwaje kabla ya kubanwa. Ikishabanwa na kupita kwenye intakula, hakuna kitu kwenye gari kinachoipima joto tena.

Angalia kinachotokea baada ya hapo. Chukua hewa ya nyuzi 30, ibane mpaka busti (presha inayoongezwa na turbo) ya bar 1, yaani presha mara mbili ya ile ya nje. Hata kompresa isiyopoteza chochote ingeipandisha mpaka karibu nyuzi 96. Kompresa ya kweli, tuseme yenye ufanisi wa asilimia 70, inaitoa ikiwa na nyuzi kama 125. Intakula inayoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezeka inaishusha mpaka chini kidogo ya 60. Kwa presha ileile, hewa ya nyuzi 60 ina uzito zaidi kwa karibu asilimia 20 kuliko hiyo ya 125, na uzito wa hewa ndio unaoamua mafuta kiasi gani yaungue. Busti ya kiwandani ya Forester iko chini ya bar 1, lakini hesabu ni hiyohiyo.

Sasa intakula yako imelala juu ya injini, na turbo iko pembeni yake chini. Gari ikitembea, tundu la boneti linaipa upepo. Ukisimama foleni upepo hakuna, joto la injini lote linapanda na kuishia kwenye yale mapezi ya aluminiamu. Barabara ikifunguka, hewa inapita kwenye kitu kilichokuwa kikichomwa kwa nusu saa. Kontrol boksi ikisikia injini inaanza kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda) inarudisha nyuma taiming, yaani muda wa plagi kuwasha, na hapo ndipo unapohisi gari imekufa.

Dalili zako zinalingana na intakula kujaa joto. Lakini zinalingana pia na hewa kuvuja, maana mpira uliochoka hulainika ukipata moto na kufungua ufa ambao asubuhi umejifunga. Usinunue chochote kabla hujapima uvujaji.

MamaTurbo

BoksaNne mdogo wangu, nisikilize mimi niliyepita njia hiyo.

Niliweka ya mbele, mabomba ya 76 kama hayo unayouziwa. Fundi aliyenifungia alikata mabomba kwa grenda na kuyaacha mdomo ukiwa laini, bila kuinua ukingo wa kuushika mpira. Siku ya tatu nalipita lori, busti imejaa, nikasikia mlio kama tairi limepasuka. Moshi mweusi nyuma, injini ikazima. Nililivuta gari pembeni mikono inatetemeka, kwa sababu lori lilikuwa limeshanikaribia.

Mpira ulikuwa umechomoka tu. Lakini kwenye gari zetu sensa iko mwanzoni, inaihesabu hewa, kontrol boksi inamwaga mafuta ya hewa hiyo, halafu hewa inatokea njiani. Kinachofika kwenye silinda ni mafuta mengi na hewa kidogo, injini inazama. Ndiyo maana hata uvujaji mdogo unakula mafuta na kuchafua plagi.

La pili ni joto la maji. Intakula nene mbele ya kondensa ya AC na rejeta inawaziba wenzake. Kwenye kilima kirefu, AC ikiwa inafanya kazi, mshale ambao miaka yote ulikuwa haujawahi kusogea ulianza kupanda. Nilipona baada ya kuziba pembeni zote kwa sponji ngumu na mabati membamba ili upepo ulazimike kupita katikati ya mapezi. Upepo ukiona pengo hauhangaiki na intakula yako.

Na la tatu linaniuma mpaka leo. Ili intakula ienee, ile boriti ya chuma nyuma ya bampa ilikatwa. Ile ndiyo inayopokea kishindo ukigonga kwa mbele. Nilikuja kuibadilisha yote kwa gharama yangu. Ukiambiwa ikatwe, chukua ufunguo wako uondoke.

Turbo_Kijana

Mimi nimeweka ya mbele sijatuni na gari inapaa. Sensa ya hewa inapima hewa yenyewe, kwa hiyo mafuta yanajirekebisha. Mnamtisha bure.

Spana17

Kaka, kwenye mafuta uko sahihi kwa sehemu. Mradi sensa na bomba lake havijabadilishwa, hewa ikiongezeka inahesabiwa. Lakini angalia busti. Intakula yoyote inakula presha kidogo hewa inapopita ndani yake. Kontrol boksi yenu inasoma presha kwenye manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa), baada ya intakula, na inaiamrisha turbo mpaka pale pafike inapotaka. Ukifunga intakula inayobana, turbo inazungushwa zaidi kufidia, na yenyewe inazidisha joto. Ukifunga inayopitisha vizuri kuliko ya kiwandani, busti inaweza kuruka juu ya kipimo kwa muda mfupi, na ikipita kiwango gari inakata mafuta ghafla. Mwendeshaji anahisi kama amepigwa teke mgongoni.

Kwa hiyo si kila mtu anahitaji kutuniwa ramani mpya ya kontrol boksi, ila kila mtu anahitaji kurekodi safari moja baada ya kufunga: busti, taiming inarudishwa kiasi gani, mchanganyiko wa hewa na mafuta gari ikiwa na mzigo. Gari "kupaa" hakukwambii kama pistoni zinagongwa. Na hizi EJ hazisamehe kugongwa, ringi na kingo za pistoni zinavunjika kimyakimya.

Nati_na_Bolti

Naongezea upande wa mikono, maana hii ni kazi yangu ya kila siku.

Mabomba ya 76 ni makubwa mno kwa injini ya 2.0 yenye turbo ya kiwandani. Milimita 57 mpaka 63 zinatosha na zinabaki. Bomba kubwa na refu lina nafasi kubwa ya kujazwa presha kila unapokanyaga, na huko ndiko kuchelewa kwa turbo kunakotoka. Halafu msishindane unene wa intakula. Safu za nyuma zinapokea upepo ambao safu za mbele zimeshaupasha moto. Eneo la uso linalotazama upepo lina faida kuliko unene.

Intakula mpya ioshe ndani kabla ya kuifunga. Niliwahi kuigonga moja mpya kabisa kwenye kitambaa cheupe ikatoa vinyweleo vya aluminiamu vya kuchomelea. Hivyo vyote vingekwenda kwenye silinda. Na kama turbo yako ya zamani ilikufa kwa kuvunjika mapezi, intakula iliyokuwepo usiiamini hata ukiiosha mara ngapi.

Kwenye mipira: futa mdomo wa bomba na ndani ya mpira kwa pombe ya kusafishia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usipake mafuta wala grisi ili uteleze, utateleza siku nyingine vilevile. Klampu ikae nyuma ya ukingo ulioinuliwa, isikae juu yake. Kaza, tembeza gari mpaka ipate moto, ikipoa rudia kukaza. Acha nafasi, kwa sababu injini inatikisika ukikanyaga na bomba linalogusa chasisi litatoboka.

Ile valvu ya kupumulia, inayotoa hewa ukiachia mafuta, irudishe hewa kwenye bomba la kabla ya turbo kama kiwandani. Watu wanaiachia nje kwa sababu ya ule mlio. Hewa hiyo imeshahesabiwa, ukiimwaga nje kila ukibadili gia injini inazama kwenye mafuta.

Dizeli_Kimya

Samahani kuingilia uzi wa petroli. Kwenye dizeli faida yake niliiona kwenye joto la moshi: gari ikivuta tela kilimani, kipimo cha ekzosi kilikuwa kinakaa chini kuliko zamani, na moshi mweusi ukapungua. Mengine yote mliyosema kuhusu kuziba rejeta yamenikuta vilevile.

BoksaNne

Asanteni sana wakuu, na dada MamaTurbo Mungu akubariki. Naomba mnielekeze jinsi ya kupima uvujaji. Kompresa ya upepo ninayo.

Nati_na_Bolti

Fungua mpira unaoingia kwenye turbo, baada ya sensa ya hewa. Ziba mdomo huo kwa kifuniko cha bomba la plastiki la maji, kikitobolewa na kuwekwa nozeli ya tairi. Punguza kompresa kwanza, usizidi bar 1, anza na nusu. Injini izimwe. Mipira ya kupumulia ya injini izibwe na kifuniko cha oili kiwe wazi, la sivyo unajaza upepo kwenye kreki (sehemu ya chini ya injini yenye oili) na kusukuma sili. Usisimame mbele ya kile kifuniko, kikichomoka kinaruka. Halafu nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Utasikia upepo kidogo ukitoka kwa ekzosi au kwenye kifuniko cha oili, huo usikutishe. Unatafuta povu. Rudia kipimo injini ikiwa na moto, ukiwa na glavu.

BoksaNne

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Injini ikiwa baridi: hakuna povu popote. Nikaiendesha mpaka ikashika moto, nikapima tena. Mpira unaounganisha intakula na throtobodi (mlango wa hewa wa injini) ulitoa povu kwa chini, upande usioonekana bila kioo. Nilipoutoa nikaukunja kwa vidole, ufa ukafunguka mdomo mrefu kama kucha ya dole gumba, ndani yake umejaa oili. Nimeubadilisha pamoja na klampu zote. Pia sponji iliyokuwa ikiziba kati ya boneti na intakula ilikuwa imelika nusu, nimeweka mpya.

Baada ya hapo nikachomeka waya wa kupimia joto kwenye njia ya hewa, baada ya intakula. Kwa mwendo wa barabara kuu inakaa 40 na kitu. Nikisimama dakika 20 kwenye jua inafika 71, na nikiondoka inachukua kama dakika mbili kushuka chini ya 50. Gari haifi tena kama zamani, ila hizo dakika mbili bado nazihisi. Swali la mwisho: ile oili ndani ya mpira ni turbo imekufa?

Spana17

Hongera mkuu, hiyo ndiyo kazi. Utando mwembamba wa oili ni kawaida, mvuke wa injini unapumuliwa kupitia hapo. Ukikuta imetuama ya kumimina, kagua turbo na mpumuo wa injini. Shika shafti ya turbo: ikicheza kidogo pembeni si hoja, ikivutika mbele na nyuma ndipo uanze kuhofia.

Kwa matumizi yako ningebaki na ya juu. Intakula ya Impreza WRX STI ni kubwa kuliko yako na inakaa palepale, ingawa mipira na mabano utalazimika kuyatengeneza na tundu la boneti lielekezwe upya. Njia ya hewa inabaki fupi, bampa halikatwi. Itajaa joto pia ukikaa foleni, kwa sababu iko palepale juu ya injini, lakini ukiondoka ina uso mkubwa wa kulitoa. Ya mbele iwekee siku utakapobadili turbo.

MamaTurbo

Naunga mkono. Na huo waya wa joto usiutoe. Ukifunga hiyo ya STI, simama tena dakika 20 kwenye jua lilelile, saa ileile, utuletee namba.

BoksaNne

Nimeipata ya STI iliyotumika. Nimeigonga juu ya shuka jeupe, imetoa vumbi tu. Kesho naiosha, Jumamosi naifunga. Namba nitazileta hapahapa.