Tupeane uzoefu: ulisubiri nini kwa Bwana, na kusubiri kulikugharimu nini?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumapili iliyopita mimi na mchumba wangu tumetangazwa kanisani mara ya kwanza, yamebaki matangazo mawili. Tumefika hapa baada ya miaka minne. Kwanza ilikuwa mahari, ukaja msiba wa baba yake, halafu kazi yake ikaisha. Muda wote huo ushauri ulikuwa mmoja: hamieni pamoja, kodi mbili za nini, ndoa itafuata. Hata shangazi yangu, mama wa kanisa kabisa, aliniambia hivyo. Na hesabu yao ilikuwa sahihi, vyumba viwili vilitumaliza. Mchumba wangu alikuwa ananisindikiza mpaka getini, anageuka kurudi stendi kwa miguu, na kuna usiku nililia namtazama mgongo. Kwamba Mungu ni mwema naamini. Leo nataka mtu aseme ilivyomuuma.

Mkulima, Njombe
Amina dada, hongereni sana. Mimi nitasema habari za parachichi, maana huko ndiko nilikofundishwa.

Nilipanda miche 80 ya Hass, ile ya kuunganisha. Mwaka uliofuata ikatoa maua, nikamwita mke wangu shambani aje aone. Bwana shamba alipopita akasema nyofoa yote. Yote! Mti mchanga ukiuacha uzae, unadumaa, nguvu ya mizizi na matawi inaishia kwenye matunda. Nilinyofoa kwa vidole, mti kwa mti, na kila kichala kilichoanguka niliona ni ada ya mtoto.

Mwaka wa tatu matunda yakashika vizuri. Madalali wakaja na pesa mkononi kabla hayajakomaa, na mimi nina deni shuleni. Jirani yangu aliuza. Sasa wasiojua, parachichi haliivi likiwa mtini, linaiva likishachumwa. Lakini ukilichuma changa haliivi kabisa, linasinyaa ganda na ndani linakuwa kama mpira. Atakayeumia ni mlaji wa mbali ambaye hatanijua wala sitamjua. Shida ya pesa ningeivumilia. Kilichonisumbua kitandani ni kumuuzia mtu kitu ninachojua hakitaiva, halafu Jumapili nisimame mbele kusoma neno. Nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba muda, akanipa. Nilisubiri wiki sita, na ndani ya hizo wiki tulikula ugali na mboga za majani mpaka watoto wakaacha kuuliza.

Debe la kwanza nililipeleka kanisani, malimbuko. Kwenye mnada baada ya ibada mzee mmoja akalinunua, akawagawia watoto wa shule ya Jumapili moja moja, akawaambia wakayaweke ndani na wasiyabonyeze mpaka wiki iishe.

Bodaboda, Mwanza
Mimi pikipiki ilikuwa ya mkataba, hesabu ya mwenye pikipiki elfu kumi kila siku, mvua ije jua liwake, mpaka kadi ya umiliki iwe yangu. Kijiweni wenzangu walikuwa wanabeba mizigo ya usiku ambayo hairuhusiwi kuuliza ndani kuna nini. Safari moja inalipa hesabu ya wiki. Nilikataa. Naomba niseme ukweli mbele za Mungu, sikukataa kwa furaha, niliwachukia wale jamaa. Kadi nilikabidhiwa mwezi wa tatu. Chuki bado naiombea.

Mama wa kwaya, Morogoro
Miaka tisa ya ndoa, hatujapata mtoto. Mhubiri mmoja aliniambia nipande mbegu, ndani ya siku 21 nitashika mimba. Nilitoa pesa niliyokuwa naweka ya cherehani. Siku ya 22 niliamka, nikafagia uwanja, sikumwambia mtu.

Ibrahimu alitoka Harani ana miaka 75, Isaka akazaliwa baba yake akiwa na 100. Miaka 25 hiyo, na katikati yake kuna Hajiri, mjakazi wa mkewe Sara aliyemzalia mtoto, kwa sababu na wao walichoka wakatafuta njia ya mkato. Huwa nairudia sehemu hiyo. Biblia haikuwafichia.

Lakini wapendwa, msituambie kila anayesubiri atapewa alichoomba. Waebrania 11 inawataja waliokufa katika imani bila kuzipokea ahadi, waliziona kwa mbali tu. Mimi naimba sauti ya pili. Jumapili ya ubatizo wa watoto wachanga ndiyo ngumu kuliko zote, wanapitishwa mbele yetu na vile vitambaa vyeupe. Nabaki kwenye nafasi yangu, naimba mpaka mwisho.

Mwanzisha mada
Mama wa kwaya, nimeusoma ujumbe wako mara tatu nikiwa kwenye daladala, nikapitilizwa kituo. Ubatizo ujao hapo kwenu ni lini? Niandikie tarehe. Siku hiyo nitafunga, nitakutaja wewe na mumeo.

Wengine karibuni, endeleeni.