Njiti wangu wa kilo 1.6 anachoka kunyonya, mlifanyaje?

mama_njiti:
Habari mama zangu, nimejifungua wiki ya 32, leo siku ya 9, mtoto analishwa kwa mpira wa puani. Nakamua kila masaa matatu ila leo asubuhi nimepata kijiko kimoja tu nikalia pale pale wodini. Nikimweka titi analamba mara mbili tatu anasinzia, na mama mkwe anasema nimwanzishie ya kopo. Nimechanganyikiwa jamani.

mama_pacha:
Pole sana mdogo wangu. Hakukatai, kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja wengi wanaanza kuweza kwenye wiki ya 34 hivi. Mbebe kangaruu, ngozi kwa ngozi, halafu ukamue ukishamtoa tu, mimi yalikuwa yanachuruzika yenyewe mpaka kanga inalowa. Na usiku usiruke hata kama umechoka.

bibi_nesi:
Mwanangu, hicho kijiko usikidharau, apewe chote. Nimefanya wodi ya njiti miaka mingi. Akianza kutolewa mpira omba kikombe kidogo, sio chupa, kiguse mdomo wa chini alambe mwenyewe, usimmiminie atapaliwa. Ya kopo usianze bila daktari, utumbo wa njiti bado mchanga sana. Tumbo likivimba au akibadilika rangi ita nesi hapo hapo.

mama_njiti:
Asanteni sana, nimemweka kifuani tangu saa nane, kashika kidole changu kalala. Nakamua tena sasa hivi.