Madereva wa malori mnatumalizia madaraja ya mbao yenye paa, halafu mnacheka!!

Wakuu naandika nikiwa na hasira, nikikosea herufi mtanivumilia.

Jumamosi tumetoka hapa Columbus, Ohio alfajiri mimi na wenzangu wanne, pikipiki zimesafishwa, hewa nzuri, mahindi yamekaukia shambani, safari tuliyoipanga tangu Agosti. Tunafika kwenye daraja letu, lile dogo la mbao lenye paa ambalo kila msimu lazima tulipite, tunakuta vizuizi vya zege na bango njia imefungwa. Lango la upande mmoja limeng'olewa, mbao za ubavuni zimetapakaa mtoni, boriti ya juu imepasuka katikati kama kuni. Lori la boksi limepita. Yaani dereva kaona bango la urefu, kaona bango la uzito, kaona daraja lenyewe mlango wake mdogo kama wa zizi la ng'ombe, na bado kaingia kwa sababu simu imemwambia nyoosha mbele!

Sasa kilichonichoma zaidi ni jioni. Mimi mwenyewe ni dereva wa trela siku za kazi, mwaka wa 11 huu nakula mkate wa barabara za Marekani, na kwenye grupu letu la madereva kuna mtu katupia klipu ya lori jingine limekwama kwenye daraja kama hilohilo, paa la boksi limefunuka kama kopo la samaki. Watu wanacheka. Waswahili wenzangu kabisa, watu wa Tanga, Mombasa, Goma, wanaweka vikatuni vya machozi ya furaha. Nikaandika jamani hilo daraja limejengwa na watu wa misumeno ya mkono, mmoja akanijibu "mbao tu hizo kaka, wataweka zege".

Mbao tu??

Ngoja niwaambie hizo mbao ni nini kwa mtu wa pikipiki. Unatoka juani, ghafla giza, sekunde mbili tatu huoni kitu, ubaridi unakupiga kifuani, harufu ya mbao kuukuu na vumbi na mto chini vinakuja kwa pamoja. Unashusha gia mpaka ya kwanza, miguu iko tayari, maana mbao zikipata umande zinateleza kama sabuni na zile zilizolazwa kwa urefu zina nyufa zinazotaka kumeza tairi la mbele. Mlio wa injini unagonga paa unakurudia, chini mbao zinalia taka-taka-taka, mwanga unapenya kwenye mianya unachora mistari juu ya tangi. Mwenye gari kafunga vioo na redio inaimba, hiki kitu hakipati. Na mvua ikitukamata njiani ndo humohumo tunajibanza, tunazima injini tunasikiliza matone juu ya paa, mtu anafungua chupa ya chai, tumekaa hivyo hata saa nzima na hakuna anayelalamika. Daraja la zege unalivuka hujui hata kama kulikuwa na mto.

Kule Parke County, Indiana, ambako yapo 31 kwenye kaunti moja tu (kila Oktoba wana tamasha lao, nendeni mkaone), mengine bado yana maandishi juu ya lango yanayosema vuka daraja hili kwa mwendo wa kutembea. Yaliandikiwa wenye farasi. Sisi wa pikipiki tunayatii mpaka leo.

Halafu watu wanadhani paa ni urembo au ni la kuzuia theluji. Hapana bwana. Zamani wakati wa baridi walikuwa wanaibeba theluji wanaimwaga ndani ya daraja kwa makusudi ili sleji za farasi zipite. Paa na kuta ni kwa ajili ya kuilinda ile mihimili mikubwa ya ndani isilowe ikaoza, maana daraja la mbao likiachwa wazi ndani ya miaka 10 hadi 20 linaanza kukuangukia, lakini lililoezekwa linapita karne. Waliezeka lile la Philadelphia mwaka 1805, watu wakaona akili hiyo, ikasambaa. Karne ya 19 nchi hii ilikuwa nayo kwa maelfu. Leo nchi nzima hayafiki 1,000, na kila likiondoka moja halizaliwi lingine la umri ule.

Na yanaondokaje? Kuna ya maji, na hapo simlaumu mtu. Tarehe 28 Agosti 2011 mvua za kimbunga Irene ziliondoka na la Bartonsville kule Vermont, la mwaka 1870, ile video watu wengi mliiona, daraja zima linakaa chini taratibu halafu mto unalibeba. Siku hiyohiyo New York ikalipoteza la Blenheim, la 1855, lililokuwa linaruka futi 210 bila nguzo hata moja katikati. Fundi wake alikuwa Nicholas Powers, na wenyeji wanasimulia kwamba siku ya kuondoa majukwaa ya ujenzi yaliyolishikilia watu walisema litaanguka, yeye akapanda akakaa juu ya paa. Likasimama miaka 156. Yote mawili yamejengwa upya, nashukuru, lakini mbao za Powers zilienda na maji.

Mafuriko hayana roho. Lakini kiberiti kinawashwa na mkono wa mtu! La Bridgeton, hapohapo Parke County, lilijengwa na J.J. Daniels mwaka 1868, lina pinde mbili kubwa za mbao kila upande, likachomwa moto Aprili 2005 na likaisha. Wenyeji walilia, kisha wakachangishana, mwaka uliofuata wakasimamisha jipya pembeni ya kinu chao. Kule Madison County, Iowa, yalikuwa 19, yamebaki 6, na mojawapo la Cedar lilichomwa mwaka 2002, likajengwa, likafunguliwa 2004, likachomwa TENA 2017! Wakajenga tena, likafunguliwa 2019. Mimi hapo nashindwa. Mtu anatoka kwake usiku anakwenda kuchoma daraja, anapata nini? Hata mwizi unaelewa anataka nini.

Turudi kwa malori maana ndo yaliyonileta. Long Grove, Illinois, wana daraja la mwanzoni mwa karne ya 20, paa liliongezwa miaka ya 70, urefu wa kupita ni futi 8 na inchi 6, mabango yamejaa kila kona. Juni 2018 lori likaliharibu vibaya, wakafunga, wakatengeneza wakaweka chuma ndani, wakafungua 2020, na tangu hapo limegongwa makumi ya mara. Makumi! Lile wanaweza kuligonga maana sasa lina chuma. Letu halina. Letu lina boriti za mti zilizochongwa na watu ambao wajukuu wao wameshakufa.

Na kuna tetesi, ambazo ndo zimeninyima usingizi, kwamba kaunti (siitaji) inataka kutumia ajali hii kama sababu ya kuling'oa kabisa, walaze makalavati, wamalize. Hoja yao eti daraja la mbao haliwezi kazi za leo. Hiyo si kweli na wanajua si kweli. Hapahapa Ohio, Ashtabula County, walifungua la Smolen-Gulf mwaka 2008, la mbao, lina paa, urefu futi 613, refu kuliko yote yenye paa Marekani, na malori yanapita kila siku. Sisemi letu libebe malori. Nasema wakitaka wanaweza. Boriti moja iliyopasuka inabadilishwa, lango linajengwa upya, wanafunga chuma cha kuzuia urefu mita mia kabla ya daraja ili mwenye lori agonge chuma kwanza. Hiyo ndo tunayoiomba kwenye barua yetu kwa kaunti, si makubwa.

Nyie madereva wenzangu sasa. Trela ya kawaida ni futi 13 na inchi 6, kila mmoja wetu anaijua hiyo namba kuliko siku ya kuzaliwa kwake. GPS ya malori inauzwa, unaingiza urefu na uzito inakukwepesha. Simu ya kawaida haijui umebeba nini. Ukijikuta umeshaingia barabara ya shamba na mbele yako kuna daraja lenye paa, simama, washa taa za hatari, shuka, piga simu usaidiwe kurudi nyuma. Ni aibu ya dakika 40. Sijawahi kuona dereva aliyefukuzwa kazi kwa kurudi nyuma. Na hizo klipu msinitumie tena mimi, nitajitoa kwenye grupu, nimesema.

Pale darajani alitukuta mzee mmoja mkulima anayekaa jirani. Alikuwa ameanza kuokota mbao mtoni toka siku ya ajali, mojamoja, anaziegemeza kwenye ukuta wa ghala lake na kuziandika namba kwa chaki, ili wakikubali kulitengeneza zisiwe zimepotelea. Hakutuomba kitu. Tukavua helmeti na makoti tukaingia majini na yeye, maji ya baridi hayo, mpaka saa tisa mchana tumeopoa 23. Nyingine tuliziona ziko chini zimebanwa na mawe hatukuziweza. Jumamosi tunarudi na kamba. Aliyeko Ohio au jirani, ana buti za mpira na ana nafasi, anicheki inbox nimpe ramani.