Kuondoa pytz kwenye maktaba ya kalenda: tuanzie wapi?

mtunza_kalenda
Habari wakuu. Maktaba yetu huria ya kalenda bado inategemea pytz, kifurushi cha nje cha Python kinachoshughulikia kanda za saa. Sasa tunaanzia Python 3.9, ambayo tayari ina zoneinfo, moduli ya kazi hiyohiyo, ndani yake, kwa hiyo sioni sababu ya kuendelea kuibeba. Shida ni kwamba watumiaji wengi hutuletea `tz` (kanda ya saa) iliyotengenezwa na pytz. Tuiondoe kwa utaratibu gani, na ni wapi hasa patavunjika?

nusu_saa
Mkuu, usianze kwa kufuta. Anza kwa kupokea na kugeuza. Huhitaji hata kuipakia pytz ili kuitambua: kitu chake kina `localize` (ya kuipa tarehe kanda ya saa), cha zoneinfo hakina. Kwa hiyo `if hasattr(tz, "localize"): tz = ZoneInfo(tz.zone)`. Angalia `pytz.FixedOffset` tu (kanda yenye tofauti isiyobadilika na UTC), `zone` yake ni `None`. Hiyo igeuze iwe `datetime.timezone`.

Hapohapo toa onyo, na liwe `FutureWarning` lenye `stacklevel=2`. `DeprecationWarning` kwa kawaida hufichwa, isipokuwa pale msimbo unaoisababisha uko ndani ya `__main__`, hivyo wengi hawataiona mpaka siku mambo yamevunjika. Na bila `stacklevel`, onyo litaonyesha mstari wa faili lenu badala ya wa mtumiaji.

Tarehe mnazorudisha ni suala jingine. Aliyezoea kusoma `.tzinfo.zone` atapata `AttributeError`, maana zoneinfo inatumia `.key`. Hilo lisubiri toleo kuu. Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python, ilileta zoneinfo kama chaguo la kawaida katika 4.0, Desemba 2021, na pytz ikaondoka kabisa katika 5.0, Desemba 2023. Muda wa namna hiyo unawatendea haki watumiaji.

fold1
Naongezea lililo baya kuliko yote, kwa sababu halitoi kosa lolote. Mtu atabadilisha `tz.localize(dt)` iwe `dt.replace(tzinfo=tz)` na majaribio yote yatapita. Lakini chukua Paris, 27 Oktoba 2024, 02:30. Saa hiyo ilikuja mara mbili, maana majira ya kiangazi yaliisha na saa zikarudishwa nyuma. `localize` isipoambiwa kitu huchukua `is_dst=False` (si majira ya kiangazi), yaani ile ya pili, +01:00 kutoka UTC. zoneinfo huanza na `fold=0`, yaani ya kwanza, +02:00. Data inahama saa nzima kimyakimya. Ukitaka tabia ya zamani kwa saa zilizojirudia, andika `fold=1`. Mfano huu uwekeni kwenye majaribio kabla ya kugusa mstari wowote.

Wale wanaoitegemea `is_dst=None` ili wapate `AmbiguousTimeError` (kosa la saa iliyojirudia) waandikieni wazi kwenye maelezo ya toleo: zoneinfo hairushi kosa hilo. Linganisheni `utcoffset()` ya `fold=0` na ya `fold=1`; zikitofautiana, saa hiyo ama imejirudia ama haipo kabisa.

mtunza_kalenda
Asanteni sana. Upande wa usakinishaji je?

nusu_saa
Wekeni `tzdata`, kifurushi chenye data ya kanda za saa, kwenye vitegemezi. Windows haina hifadhidata ya kanda za saa ambayo zoneinfo inaweza kuisoma, na kontena nyingi ndogo za Linux hazina pia. Bila hiyo ni `ZoneInfoNotFoundError`. Halafu endesheni majaribio kwenye mazingira yasiyo na pytz kabisa. Vifurushi vingine huivuta chinichini, kwa hiyo `import pytz` iliyosahaulika inaweza kupita kwenu ikaanguka kwa mtumiaji.